Barua Zenu: Kwenda Kusomea Udaktari na Afya ya Jamii Ng'ambo

Tangu matokeo ya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari yatoke, barua nyingi kutoka Lubumbashi zinauliza jambo lilelile kwa sura mbalimbali: mtoto aende ng'ambo, asiende, au aende lini. Tumechagua tano. Tatu tumezijibu kwa urefu, kwa kuwa mambo yanayoulizwa humo ndiyo yanayowapotezea watu makuta na miaka.

Jambo sana. Kijana wangu ana miaka 19, amepata diploma ya biolojia-kemia kwa asilimia 64. Kuna mtu hapa kwetu anasema atamwingiza chuo cha udaktari China, miaka sita, dola 4,000 kwa mwaka, masomo yote kwa Kiingereza. Anataka dola 1,500 mbele, kabla mwezi haujaisha. Baba yake anataka kuuza kiwanja cha Ruashi. Tufanye nini? — Mama wa Kampemba

Mama, kiwanja kisiuzwe mwezi huu. Mwombeni huyo mtu vitu viwili kwanza: jina kamili la chuo na jina kamili la shahada, kama litakavyoandikwa kwenye diploma. Akisita kuyaandika kwenye karatasi, mmeshapata jibu.

Jina la chuo mtalitafuta kwenye World Directory of Medical Schools, orodha ya vyuo vya udaktari vya dunia nzima. Iko kwenye intaneti na hailipiwi. Chuo kisipokuwemo, mazungumzo yaishie hapo. Kikiwemo, bado msifurahi sana: orodha inaonyesha tu kwamba chuo kipo na kwamba mamlaka za nchi yake zinakijua, haisemi kama kinafundisha vizuri. Halafu angalieni shahada. Munganga, yaani daktari, hutoka na shahada iitwayo MBBS, MBChB au MD, kufuatana na nchi. Shahada ya sayansi za afya, ya maabara, ya famasia au ya afya ya jamii ni ya heshima na ina kazi yake, lakini haimpi mtu ruhusa ya kupima mgonjwa na kumwandikia dawa. Mawakala huziita zote "udaktari", na familia inakuja kugundua tofauti siku ya kuomba kusajiliwa.

Jambo la lugha halisemwi wakati wa kuuza ndoto. Darasani ni Kiingereza, sawa. Lakini mgonjwa aliyelala wodini China anaongea Kichina, na programu nyingi za huko zinadai mwanafunzi afaulu HSK, mtihani wa lugha ya Kichina, kiwango cha 4, kabla ya mafunzo ya hospitali au kabla ya kuhitimu. Aliyejifunza Kichina cha kununulia mchele tu anafika wodini kama bubu. Anasimama nyuma ya wenzake, hasikii mgonjwa akieleza maumivu yalianzia wapi wala hamuulizi swali la pili. Udaktari huingia kwa sikio na kwa mkono, na miaka hiyo ya mwisho ya wodini ikipotea hakuna kitabu kitakachoirudisha. Muulizeni wakala: saa ngapi za Kichina kwa wiki, na kuanzia mwaka gani? Jibu zuri ni kuanzia mwaka wa kwanza.

Sasa makuta. Dola 4,000 mara sita ni 24,000. Chumba na chakula, tukisema 250 kwa mwezi, kwa miezi 72 ni 18,000. Mmefika 42,000, na hamjaweka tiketi ya ndege, bima, kibali cha kukaa kinacholipiwa upya, vitabu, wala homa moja ya ghafla. Kiwanja kinaweza kulipa mwaka wa kwanza na labda wa pili. Mwaka wa tatu ndio wa hatari, kwa sababu mtoto ameshaenda mbali mno kurudi mikono mitupu na minervali, ada ya chuo, haijapatikana. Msianze bila makuta ya mwaka mmoja mzima yaliyowekwa pembeni yasiguswe.

Mkiendelea hata hivyo, barua ya kukubaliwa ihakikishwe kwa kuandikia ofisi ya udahili ya chuo moja kwa moja, kwa anwani mliyoitafuta wenyewe, si ile aliyowapa wakala. Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la chuo. Hizo 1,500 za "mbele" zinazopita mkononi mwa mtu haziachi nyayo.

Lakini ninyi mmeuliza mfanye nini, na sisi tuna maoni. Kijana asomee udaktari karibu. UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ipo hapa mjini. Akitaka kuvuka, Chuo Kikuu cha Copperbelt kina shule ya udaktari Ndola, ng'ambo ya Kasumbalesa, na mzazi anafika kwa barabara siku hiyohiyo mtoto akiugua. Ng'ambo ya mbali aiweke kwa hatua ya pili, akiwa na swali lake mwenyewe. Dokta Denis Mukwege alisomea udaktari Bujumbura, akamaliza 1983, akaenda kufanya kazi hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, akiwa na nia ya kutibu watoto. Huko aliwaona wanawake wakiletwa na majeraha ya uzazi, wakivuja damu baada ya kujifungua mbali na msaada wowote. Ndipo alipokwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Alifika chuoni akijua anatafuta nini. Mtoto wa miaka 19 hajapata nafasi ya kujua hilo, na hilo si kosa lake.

Pasipoti yangu inaweka jina, postnomu (jina linalofuata la ukoo) na prenomu (jina la kwanza) kwa mpangilio mmoja, diploma kwa mwingine. Fomu ya chuo ina nafasi mbili tu. — Msomaji wa Katuba

Fuata pasipoti, herufi kwa herufi. Jina na postnomu yaingie pamoja kwenye nafasi ya jina la ukoo, prenomu kwenye nafasi ya pili, na uandike hivyohivyo kila mahali: fomu, tiketi, mtihani wa lugha. Siku ya mtihani watalinganisha pasipoti na usajili wako. "Tsh" iliyogeuka "Ch" yaweza kukurudisha nyumbani na ada ikapotea.

Kama tofauti iko kwenye diploma au cheti cha kuzaliwa, isahihishwe kabla ya mihuri. Mpangilio unaookoa muda ni huu: sahihisha, toa nakala zilizothibitishwa, peleka kwa uhalalishaji, tafsiri kwa mtafsiri aliyeapishwa, ubalozi mwisho. Anayeanza na tafsiri atailipia mara mbili. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe na jina hilohilo, watu huisahau.

Mimi ni muuguzi A1, miaka sita kwenye kituo cha afya. Nataka kusomea afya ya jamii Bulaya (Ulaya). Nikirudi nitaitwa munganga? Na barua ya kueleza nia inaandikwaje ili wanichukue? — Muuguzi, Kamalondo

Dada, hapana, hutaitwa munganga, na ni vizuri kulijua leo. Masta ya afya ya jamii haibadilishi ruhusa uliyo nayo ya kutibu. Inabadilisha ukubwa wa unachokitazama. Leo unamtazama mtoto mmoja mwenye surua. Kesho utauliza kwa nini surua imeingia avenyu tatu na kuziacha nne, na nani aamue nini kabla ya Jumatatu.

Kikwazo chako cha kwanza ni cheti. A1 ni graduat ya miaka mitatu. Kwenye mfumo wetu wa zamani licence ilikuja miaka miwili baadaye, ile mnayoiita A0. Kwenye mfumo mpya wa LMD (licence, masta, doktora) licence yenyewe ni ya miaka mitatu, kisha masta miwili. Kwa hiyo neno "licence" sasa lina maana mbili, na karani wa chuo cha nje akiona "graduat" huenda asijue aiweke wapi. Omba ISTM, ile taasisi ya mafunzo ya tiba uliposoma, barua yenye muhuri inayosema ulisoma miaka mingapi, saa ngapi za darasa, saa ngapi za mafunzo ya hospitali. Vyuo vingine vitakubali, vingine vitakwambia umalize A0 kwanza. Waandikie ukiwa na barua hiyo mkononi, kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi.

Bulaya si mlango pekee. Kwa Kifaransa kuna Chuo Kikuu cha Senghor kilichopo Aleksandria, Misri, chenye masta ya miaka miwili na idara ya afya. Kuna Taasisi ya Kikanda ya Afya ya Umma ya Ouidah, Benin. Kuna Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa, na ya UNILU hapahapa. Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ni ya siku nyingi na inawajua Wakongo, ila masta yake ya afya ya jamii ni kwa Kiingereza. Vyuo vingi vya Kiingereza hudai mtihani wa Kiingereza wa IELTS, alama karibu 6.5, na matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mtihani mapema mno. Kwa ufadhili, angalia wa ARES, umoja wa vyuo vya Kifaransa vya Ubelgiji: kuomba hakulipiwi. Atakayekudai makuta ya "kuingiza jina lako" anakuibia.

Sasa barua. Wengi huandika: "Tangu utotoni napenda kusaidia watu, na afya ni msingi wa maendeleo." Msomaji wa kamati amekutana na sentensi hiyo mara elfu. Haimwambii lolote kuhusu Kamalondo wala kuhusu wewe.

Fungua rejista ya chanjo ya kituo chako. Chanjo ya penta, ile ya kukinga magonjwa matano, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hesabu watoto waliopata penta ya kwanza katika robo ya mwaka, kisha waliopata ya tatu. Tuseme wa kwanza ni 60, wa tatu ni 41. Toa 41 kwenye 60 unapata 19. Gawa kwa 60, zidisha kwa 100: asilimia 31.7 walianza wakapotea njiani. Kiwango kinachopita asilimia 10 huhesabiwa kuwa dalili ya tatizo. Una tatizo mara tatu ya hapo, na umelipata kwa kalamu na rejista.

Usikimbilie kuandika kwamba "akina mama hawaelewi umuhimu wa chanjo". Hapo ndipo barua nyingi hufia, na kazi nyingi pia. Uliza kwanza. Siku ya chanjo inagongana na siku ya soko au ya shamba? Mama aliyepoteza kadi huwa anagombezwa mbele ya wenzake, akaona afadhali asirudi? Mara ngapi walifika wakaambiwa dawa imekwisha? Je, familia zimehama? Tembea nyumba kumi kati ya hizo 19 ukiwa na maswali manne, andika majibu kama yalivyosemwa. Ukikuta mama sita kati ya kumi wanasema walirudishwa kwa sababu chupa haifunguliwi mpaka watoto wafike idadi fulani, basi akina mama hawakukosa elimu. Ni utaratibu wa kituo, na huenda wewe mwenyewe ndiye uliyewarudisha. Kuliandika hilo kwa uaminifu kunauma, na kunamwonyesha msomaji mtu aliyeanza kukua kabla ya kupanda ndege.

Halafu ongeza aya moja juu ya usichokijua. Mfano mzuri uko mikononi mwako: ripoti za zoni zetu za afya mara nyingine huonyesha chanjo imefika asilimia 110. Haiwezekani kuchanja watoto wengi kuliko waliopo. Kinachokosewa ni idadi ya chini ya mgawanyo. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika 1984, na tangu hapo tunakadiria. Andika: nataka kujifunza namna ya kupima huduma mahali ambapo hatujui watu ni wangapi. Hilo ni swali la masta.

Kurasa mbili zinatosha. Mpe mtu asiyefanya kazi hospitali azisome, mahali atakapouliza "maana yake nini?" pana kasoro.

Mimi ni munganga wa UNILU, sasa niko masta ya afya ya jamii Ulaya, mwezi wa nne. Nyumbani nilikuwa mtu wa kuulizwa. Hapa mwalimu ananiuliza "wewe unaonaje?" nabaki kimya. Takwimu zinanishinda. Kazi yangu ya kwanza imerudishwa, wanasema nimenakili. Na kila wiki simu ya nyumbani ni ya makuta. Nimeanza kujiona mdogo. — Munganga aliye mbali

Ndugu munganga, pole. Tuanze na lenye haraka, la kunakili. Kwetu mwanafunzi husifiwa akiirudisha silabasi, maandishi ya mwalimu, neno kwa neno. Huko, maneno ya mtu yasiyo na alama za kunukuu na jina lake ni wizi, hata kama hukukusudia, na mara ya pili yaweza kukufukuzisha. Fanya hivi: soma aya, funga makala, subiri dakika kumi, andika ulichoelewa kwa Kiswahili. Kisha kihamishie kwenye lugha ya chuo, ufungue makala na kulinganisha. Maneno manne mfululizo yakifanana, yageuze au yawekee alama. Chanzo kiandike papo hapo, si usiku wa kukabidhi.

Kupitia Kiswahili si kupoteza muda. Kipimo chenye unyeti wa asilimia 80: kama huwezi kumwambia shangazi yako kwamba "kati ya wagonjwa kumi wa kweli kinawaona wanane, wawili kinawaambia ni wazima", basi umekariri neno tu.

Takwimu ziendee kwa njia hiyohiyo. Chukua matokeo haya: waliokunywa maji ya kisima wana hatari ya kuhara mara 1.8, na mipaka ya uhakika, ambamo hatari ya kweli huenda imo, ni 0.9 hadi 3.6. Usitafute fomula. Tazama kama 1 imo ndani ya mipaka, kwa kuwa 1 maana yake hatari ni sawa kwa wote. Imo. Basi data hizi hazijatenga "kisima kina madhara" na "hakina". Kosa la wengi ni kuandika hapo kwamba "kisima hakina madhara". La! Utafiti haukuwa na watu wa kutosha kujibu, na mipaka inafika hadi 3.6, jambo ambalo munganga hawezi kulipuuza. Fanya zoezi moja la namna hiyo kila siku, dakika 40, kwa programu ya R au Epi Info ambazo ni za bure, na mara moja kwa wiki peleka kwa mwalimu mahali ulipokwama. Nenda na mstari wenyewe uliokataa. Ukisema "sielewi takwimu" hana pa kuanzia.

Muda nao uuhesabu. Mwaka wa masta Ulaya ni krediti 60, kila moja saa 25 hadi 30, yaani saa 1,500 hadi 1,800. Kwa wiki 40 ni saa 38 hadi 45 kila wiki, na darasa ni sehemu tu ya hizo. Anayedhani saa za darasa ndizo masomo yote hushtuka wakati wa mitihani.

Kuhusu "wewe unaonaje": mwalimu hatafuti jibu sahihi. Andaa mambo matatu kabla ya kikao: makala inadai nini kwa sentensi moja, ni kitu gani ulichokiona wodini au zoni kisicholingana nayo, data gani ingeamua. Wewe umefanya kazi mahali ambapo idadi ya watu ni makadirio, dawa hukatika, na mgonjwa hulipa kabla ya kulazwa. Wenzako wengi darasani wamelisoma hilo tu. Sema moja kati ya hayo kikao kijacho, hata kwa sarufi iliyovunjika.

Makuta ya nyumbani: andika posho yako, toa kodi, chakula, bima na usafiri. Kinachobaki kigawe, sehemu moja ya dharura yako, sehemu moja ya nyumbani. Kisha mpigie mkubwa mmoja wa familia, yule ambaye wengine humsikiliza, umtajie kiasi kimoja na tarehe moja, kila baada ya miezi miwili. Maombi mengine yote yapitie kwake. Linaumiza siku ya kulisema. Lakini ukiendelea kutuma kila simu inapolia, utaishia kufanya kazi usiku na kufeli mchana, na wao hawatajua kwa nini.

Na huko kujiona mdogo, hatuoni kwamba ni ugonjwa. Nyumbani munganga analipwa heshima kwa kuwa na jibu, hata lisipokuwepo. Unachosomea sasa kinadai useme "sijui" na uandike ni kwa kiasi gani hujui. Ile mipaka ya 0.9 hadi 3.6 ni hiyo hasa.

Binti yangu anamaliza masta ya afya ya jamii nje. Aje na nini ili diploma itambuliwe? Na kazi iko wapi huku? — Baba wa Kenya (komuni yetu, si nchi)

Baba, diploma ya nje hupitia kwa ulinganifu, yaani kupimwa inalingana na diploma gani ya hapa, kwenye Wizara ya Elimu ya Juu huko Kinshasa. Asirudi na diploma peke yake. Aje na alama za kila mwaka, maelezo ya kila somo na saa zake, nakala ya tasnifu, kurasa za pasipoti zenye viza na mihuri ya kuingia na kutoka, na diploma yake ya Serikali. Maelezo ya masomo ndiyo husahaulika, na kuyaomba ukiwa Lubumbashi ni miezi ya barua pepe zisizojibiwa. Kama yeye ni munganga, uanachama wake wa Baraza la Madaktari auhuishe. Masta haugusi hilo.

Kazi ipo, ingawa si yote yenye mshahara mnono. Nchi ina zoni za afya 519, kila moja na ofisi yake kuu inayohitaji mtu wa kusoma takwimu na kushtuka mapema. Mkoa wetu wa Haut-Katanga una jambo lake zaidi: migodi ya kobalti. Utafiti uliofanywa hapa Lubumbashi na watafiti wa UNILU pamoja na wa Chuo Kikuu cha Leuven, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao hufanya kazi zinazohusiana na migodi wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro. Maswali yaliyobaki hapo ni mengi, na mtu anayeweza kuuliza mke wa mchimbaji kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha akachambua majibu kwenye kompyuta, ana thamani kubwa.

Mwambie aombe nakala tatu za alama zake kwenye bahasha zilizofungwa na kupigwa muhuri wa chuo, wiki hii, kabla hajarudisha kadi ya mwanafunzi.